Jinsi ya Kuchangisha Pesa za Utafiti wa Baiomaka za Duchenne Ukiwa Kisumu

Maswali ni yale yale. Tukichanga, pesa tumpe nani? Daktari ametaja baiomaka, hiyo ni dawa? Kwa nini tulipie utafiti na mtoto hana hata kiti cha magurudumu? Wazazi wananiuliza kwa simu, kanisani, na kwenye foleni ya kliniki pale JOOTRH, hospitali ambayo wengi wetu bado tunaiita Russia. Nimeona heri niyajibu yote mahali pamoja, hatua kwa hatua, ili mzazi wa Kondele, Bondo au Mbale aweze kuanza bila kuzungushwa.

Kwanza maneno machache tu ya kitaalamu. Duchenne ni ugonjwa wa kurithi unaokula misuli ya wavulana polepole. Jeni inayotengeneza protini iitwayo dystrophin imeharibika, na misuli isiyo na protini hiyo hupasuka kila inapofanya kazi. Katika nchi zinazohesabu vizuri, mvulana mmoja hivi kati ya 5,000 huzaliwa nao. Baiomaka ni kitu chochote mwilini kinachoweza kupimwa kikatuambia ugonjwa umefika wapi au dawa inafanya kazi. Mnayoijua tayari ni CK, kimeng'enya cha misuli kinachovuja kwenye damu, ambayo kwa watoto hawa hupanda mara 10 hadi 100 kuliko kawaida. Zipo nyingine: vipande vya protini ya titin kwenye mkojo, na mafuta yanayochukua nafasi ya misuli kwenye picha ya MRI.

Hapo ndipo pesa zetu zinapoweza kufanya kazi. Michango ya familia za Nyanza na Magharibi haiwezi kutengeneza dawa, lakini inaweza kulipia kipimo kimoja kifanywe sawasawa kwa watoto wa huku. Dawa huidhinishwa kwa vipimo. Mwaka 2016 Marekani iliidhinisha dawa ya Duchenne iitwayo eteplirsen kwa kutegemea ongezeko dogo la dystrophin kwenye misuli, na wataalamu walibishana sana kama hilo lilitosha. Vipimo hivi vimejaribiwa zaidi kwa watoto wa Ulaya, Marekani na Japani. Mtoto wa Ahero anaugua malaria mara kwa mara, na baadhi ya vitu vinavyopimwa kwenye damu hupanda kwa sababu ya homa na uvimbe wala si misuli. Ni lazima mtu avijaribu hapa, na sioni sababu ya kungoja mgeni aje kuanza.

Kabla ya kuanza, uwe na haya

- Familia zenye watoto waliothibitishwa kwa kipimo cha jeni. CK iliyo juu peke yake haitoshi, kwa kuwa kuna magonjwa mengine ya misuli yanayoipandisha.
- Kikundi kilichosajiliwa. Sheria ya usajili wa vikundi vya jamii ya 2022 inataka wanachama wasiopungua 10. Anzia ofisi ya maendeleo ya jamii ya kaunti ndogo yenu, mkiwa na katiba, orodha ya wanachama na kumbukumbu za mkutano wa kwanza.
- Akaunti mbili za benki za kikundi (Hatua ya 1 inaeleza kwa nini), kila moja na watia sahihi watatu, wasiwe wa nyumba moja. Kila namba ya Paybill iingie kwenye akaunti yake moja kwa moja.
- Daftari la risiti, na mweka hazina asiyeona haya kumdai mwenyekiti risiti.
- Subira. Kutoka mkutano wa kwanza hadi sampuli ya kwanza kuna miezi mingi ya makaratasi.

Hatua ya 1: Tenganisha pesa za matunzo na pesa za utafiti

Fanyeni hili kabla ya kuchanga hata shilingi moja. Mtoto anahitaji prednisolone, ile dawa ya steroidi, kliniki ya moyo, mazoezi ya viungo na kiti. Mahitaji hayo ni ya leo. Utafiti hautampa yeyote kati ya hayo, na mzazi ana haki ya kuuliza kwa nini tuutafutie pesa.

Jibu langu ni kwamba mifuko iwe miwili, kila mmoja na akaunti yake na daftari lake, na mchangiaji aambiwe anatia wapi. Mfuko wa matunzo ukikauka, msikope kutoka ule wa utafiti. Rudini kwa watu mwaombe upya kwa jina la matunzo. Nimeona vikundi vikivunjika kwa sababu mtoto alilazwa ghafla, pesa za utafiti zikalipa kitanda, na baadaye hakuna aliyeweza kuwaeleza waliochanga. Kumwokoa mtoto hakukuwa kosa. Ila mfuko wa kumwokoa ulipaswa kuwepo tangu mwanzo.

Kwenye kila tangazo la utafiti andikeni sentensi hii: "Mchango huu hautamtibu mtoto yeyote kati ya wanaoshiriki." Inauma kuisoma. Iandikeni hivyo hivyo.

Hatua ya 2: Chagueni swali moja, dogo

"Tunataka kufadhili utafiti wa Duchenne" haliwezi kupangiwa bajeti. Swali zuri linataja kipimo, watoto, muda na kitu cha kulinganishia. Kwa mfano: je, kiwango cha titin kwenye mkojo wa wavulana wenye Duchenne hapa Kisumu na jirani kinaenda sambamba na uwezo wao wa kutembea kwa mwaka mmoja, hata wakiugua malaria katikati?

Napendelea mkojo kwa kikundi kinachoanza. Hakuna sindano, mtoto halii, na mama hana wasiwasi kwamba damu inauzwa. Tena watafiti wa Japani na Ulaya wameshaonyesha kwamba vipande hivyo hupanda sana kwa wenye Duchenne, kwa hiyo hamuanzi gizani.

Baiomaka isiyo na kitu cha kulinganishwa nacho ni namba tupu. Pangeni mtaalamu wa fiziotherapia apime kutembea kwa dakika 6, muda wa kuinuka kutoka sakafuni, na alama za North Star, kipimo cha jinsi mtoto anavyosimama, kutembea na kuinuka, ambazo zina vipengele 17 na jumla ya alama 34. Sehemu hii haihitaji mashine, inahitaji mtu mmoja aliyefundishwa ambaye atapima vilevile kila mara. Watu huikata kwenye bajeti wakidhani ni ya pembeni. Msiikate.

Hatua ya 3: Tafuta mtafiti aliye ndani ya taasisi

Mnamtaka mtu mwenye ajira na maabara nyuma yake: chuo kikuu kama Maseno, hospitali ya rufaa kama JOOTRH au ile ya Moi kule Eldoret, au kituo cha KEMRI, taasisi ya taifa ya utafiti wa tiba, pale Kisian kwenye barabara ya kwenda Busia. Nendeni na swali lenu likiwa kwenye ukurasa mmoja. Muulizeni mambo manne: nani atamiliki sampuli, zitahifadhiwa wapi, matokeo yatatolewa hata yakiwa mabaya, na taasisi inakata asilimia ngapi ya pesa za utafiti kwa uendeshaji. Hilo la mwisho liulizeni mapema, lisije likawashtua bajeti ikiwa imeshatangazwa kanisani.

Akikubali, muandike mkataba na taasisi, si na yeye binafsi. Pesa zisitumwe kwenye M-Pesa ya mtafiti, hata awe mwema kiasi gani.

Hatua ya 4: Bajeti ihesabiwe kwa visima

Hapa wengi hukisia, kumbe hesabu yake ni rahisi. Kipimo cha titin hufanywa kwenye kisahani chenye visima 96, yaani vishimo vidogo vya kutilia sampuli. Tuseme visima 16 vinachukuliwa na viwango vya kulinganishia. Vinabaki 80, na kila sampuli hupimwa mara mbili ili kukamata makosa, kwa hiyo kisahani kimoja kinabeba sampuli 40.

Sasa chukua wavulana 20 wanaopimwa mara 3 kwa mwaka. Hizo ni sampuli 60. Ongeza watoto 20 wasio na ugonjwa, wa umri ule ule, mara moja kila mmoja, unapata 80. Visahani 2 vimejaa kabisa. Kila kimoja kipokee wavulana 10 na sampuli zao zote tatu, pamoja na watoto wazima 10. Ukiweka sampuli ya Januari ya mtoto kwenye kisahani kimoja na ya Desemba kwenye kingine, hutajua kama kilichobadilika ni mtoto au kisahani. Nunueni visahani 3, kimoja cha akiba, vyote vya toleo moja, na muangalie tarehe ya kuharibika kabla ya kulipa. Viagizwe sampuli zikikaribia kukamilika, si mwanzoni.

Kisha ongezeni mengine: nauli na chakula cha mchana cha mtoto na mzazi, posho ya mtaalamu wa fiziotherapia, chupa na lebo zinazostahimili baridi kali, nafasi kwenye friza, ada ya kamati ya maadili, mtakwimu, na kipimo cha jeni kwa asiyekuwa nacho. Nauli msiifanyie ubahili. Mtoto asiyeweza kupanda matatu anakuja kwa teksi au kwa mgongo wa mama, na familia hiyo ndiyo itakayokosa mara ya tatu, data ikakatika.

Hatua ya 5: Vibali kabla ya chupa ya kwanza

Mtafiti ndiye anayeomba, lakini ninyi mjue utaratibu. Andiko la utafiti linapitia kamati ya maadili iliyoidhinishwa, halafu leseni ya NACOSTI, tume ya taifa ya sayansi. Sampuli ikitarajiwa kutoka nje ya Kenya, kuna kibali cha kuisafirisha na mkataba wa kukabidhiana sampuli kati ya taasisi mbili. Sampuli iliyochukuliwa kabla ya kibali haifai kitu, na si haki kumchukulia mtoto.

Someni fomu ya ridhaa wenyewe, na muombe iwe kwa Kiswahili, Dholuo na Kiluhya kinachosemwa kwenu. Mzazi anatia sahihi, na mtoto mwenye umri wa kuelewa naye anaulizwa kwa maneno yake. Sheria ya ulinzi wa data ya 2019 inazihesabu taarifa za afya kuwa nyeti. Kwa ugonjwa adimu kuficha jina hakutoshi: "mvulana wa miaka 9 wa Nyalenda asiyetembea" kila jirani anamjua. Umri uandikwe kwa makundi, na mahali paishie kwenye kaunti.

Kuna jambo jingine linalotokea kwenye chumba cha ridhaa ambalo bajeti haionyeshi. Mama anaelezwa kwamba jeni hii iko kwenye kromosomu ya X, ambayo mvulana huipata kwa mama, anaelewa kuwa "imetoka kwangu", na nyumbani tayari kuna waliosema ni chira, laana ya kuvunja mwiko. Takriban thuluthi moja ya wavulana hawa hawakurithi chochote. Badiliko limeanzia kwao wenyewe. Na hata mama anayeibeba hakuichagua. Awepo mtu wa kulisema hilo mbele ya baba na mbele ya bibi. Mlipeni muda wake.

Hatua ya 6: Changisheni

Harambee bado inafanya kazi, mradi msiitegemee peke yake. Kupitisha ndoo barabarani au nyumba kwa nyumba kunahitaji kibali cha michango ya hadharani, kwa hiyo ulizeni ofisi ya naibu kamishna wa kaunti kwanza. Makanisani na misikitini ombeni siku moja yenu. Septemba 7 ni siku ya Duchenne duniani, iliyochaguliwa kwa sababu jeni hii ina vipande 79. Nayo siku ya magonjwa adimu ni ya mwisho wa Februari. Mkiwa na tarehe, mna sababu ya kwenda redioni.

Omba kitu chenye umbo. "Saidia watoto wenye Duchenne" huleta huruma na shilingi hamsini. "Lipia nauli ya mtoto mmoja na mama yake kwa ziara tatu" huleta mtu anayejua anachonunua, na mwaka ujao anarudi. Jamaa walio ng'ambo wapeni vitu vikubwa kama kisahani kizima au kipimo cha jeni, kisha muwatumie nakala ya risiti.

Wazazi wa nchi nyingine walianza hivi hivi. Ufaransa, chama cha wagonjwa na familia kiitwacho AFM kilianzisha Téléthon mwaka 1987, na pesa zake zikajenga maabara. Marekani kuna Parent Project Muscular Dystrophy, iliyoanzishwa na wazazi mwaka 1994. Mashirika ya aina hiyo hufadhili utafiti, na nyumbani kuna Mfuko wa Taifa wa Utafiti, lakini maombi hupelekwa na taasisi, kwa andiko kamili. Michango yenu ya kwanza ndiyo itakayozaa data ya kuweka kwenye andiko hilo.

Msitumie picha ya mtoto akitambaa. Hata mzazi akikubali leo, mtoto huyo atakuwa kijana na picha itakuwa bado inazunguka.

Hatua ya 7: Toeni pesa kwa awamu

Awamu ya kwanza baada ya kibali cha maadili, ya pili baada ya ziara ya kwanza kukamilika, ya tatu sampuli zikiwa tayari kupimwa, na ya mwisho mkipokea ripoti. Iandikwe kwenye mkataba.

Hatua ya 8: Siku ya sampuli

Mmoja wa kikundi awepo, si kumsimamia daktari bali kuangalia mambo yanayosahaulika. Sampuli ichukuliwe kabla ya mtoto kupimwa kutembea, maana misuli ikishachoka CK na titin hupanda. Sindano ya msulini siku za karibuni nayo huipandisha CK, kwa hiyo iandikwe. Iandikwe pia homa, malaria, na dozi ya prednisolone ya sasa kwa miligramu. Ikiwa ni damu, izungushwe kwenye mashine na kugandishwa upesi kwa muda ule ule kwa kila mtoto. Kwa mkojo, kila sampuli igawanywe kwenye vichupa kadhaa vidogo, kwa sababu kuyeyusha na kugandisha tena huharibu protini.

Na mtoto apewe maji na mahali pa kukaa. Baadhi yao wameondoka nyumbani saa kumi za usiku.

Hatua ya 9: Rudisheni habari

Kila miezi mitatu, ukurasa mmoja: zilizoingia, zilizotoka, watoto waliopimwa, kilichochelewa. Ubandikwe pale mlipochangia, sio kwenye simu tu.

Mambo yakikwama

*Kamati imerudisha andiko.* Ni kawaida. Ombeni barua ya maswali muisome pamoja na mtafiti. Mara nyingi wanataka kujua mtamfanyia nini mtoto atakayegunduliwa na tatizo la moyo. Wekeni njia ya rufaa kwa maandishi.

*Hatupati wavulana 20.* Chukueni 10 wenye uthibitisho kuliko 20 wa kubahatisha. Waulizeni pia madaktari wa watoto kuhusu wavulana waliochunguzwa ini bila kupatikana kitu. ALT na AST, vile vimeng'enya vinavyopimwa kuchunguza ini, hutoka kwenye misuli pia, na baadhi ya watoto wenye Duchenne huhangaishwa na dawa za ini kwa muda mrefu kabla ya mtu kupima CK.

*Stima imepotea, friza imelala.* Friza ya nyuzi 80 chini ya sufuri isifunguliwe. Ikibaki imefungwa hukaa na baridi kwa saa kadhaa. Zuieni mapema: jenereta ijaribiwe, joto liandikwe asubuhi na jioni, na nusu ya vichupa vya kila mtoto vikae kwenye friza ya jengo jingine.

*CK ya mtoto imeshuka, mzazi anashangilia.* Mwelezeni kwa upole. CK hushuka pia misuli inapopungua, kwa kuwa hakuna misuli mingi iliyobaki ya kuivujisha. Ndiyo sababu tunapima kutembea pamoja nayo.

*Mwanasiasa anataka kutoa kiasi kikubwa na kupigwa picha na watoto.* Pokeeni pesa kwa benki na mumpe risiti. Picha apigwe na mwenyekiti.

*Mtafiti amenyamaza.* Andikeni barua kwa mkuu wa idara na nakala kwa ofisi ya utafiti ya taasisi, mkitaja kifungu cha awamu kwenye mkataba. Msilipe awamu inayofuata.

*Mzazi anataka kujitoa.* Anajitoa siku hiyo hiyo, bila kuulizwa sababu na bila kunyimwa kliniki. Muulizeni jambo moja tu: sampuli zilizopo zitumike au ziharibiwe. Atakalosema liandikwe, na lifanywe.

*Matokeo hayaonyeshi uhusiano wowote.* Yatolewe. Kundi jingine la wazazi, Kampala au Lusaka, lisije likachanga upya kulipia kipimo ambacho tayari mmeona hakifanyi kazi. Wachangiaji nao waambiwe hivyo hivyo kanisani walikotoa pesa, kwa maneno mepesi, na mtafiti awepo kujibu maswali.